Fundi na Kijana wa Barua

Sura ya Saba

Pampu ya baba ilizimika Jumatatu, na kufika Jumatano asubuhi nyanya zilikuwa zimeinamisha vichwa kama watoto waliogombezwa.

Ilikuwa Septemba, na huku kwetu Ifunda Septemba hakuna anayetazama mawingu. Tumaini lote la nyumba lilikuwa chini kwenye kinyungu, ile bustani ya bondeni tunayolima kiangazi, na kinyungu kilikuwa kinanywa kwa ile pampu ya sola.

"Faustina!" baba akaniita kutoka barazani. "Mpigie fundi simu."

Nilikuwa nakwangua sufuria ya uji wa Pendo, binti yangu. Mkono ukasimama wenyewe.

"Fundi yupi, baba?"

"Fundi wa pampu. Aliyeifunga ndiye anayeijua."

"Lakini baba, fundi wa pampu si ndiye..."

"Nimesema fundi. Kuna mtu mwingine nimemtaja?"

Jikoni, shangazi Matilda aliachia mfuniko ukaanguka chini, na hakuuokota haraka. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Akitaka kusema neno na hajapewa nafasi, vyombo humsemea.

Fundi wa pampu alikuwa Lusekelo. Na Lusekelo ndiye aliyeleta barua ya posa wiki tatu kabla, kwa mkono wa mshenga wake, mjomba Sedekia, mzee mpole wa Kinyakyusa aliyevaa koti hata jua likiwaka. Jibu lilikuwa litolewe Jumamosi hii. Na kwetu, kijana akishapeleka barua haonekani tena nyumbani kwa wakwe mpaka ajibiwe. Haji, hampigii mzee simu, na akimwona sokoni anapita njia nyingine. Mdomo wake ni mshenga. Akivunja hilo, barua inarudishwa bila kujibiwa, na hakuna wa kumtetea.

Hilo peke yake lingetosha kunikosesha usingizi. Lakini kulikuwa na jingine.

Barua ilipoletwa, Lusekelo alikuwa na duka dogo Mwanjelwa, huko Mbeya, na kazi isiyoisha, kwa sababu kila aliyefunga sola kijijini serikali ilimlipia nusu. Siku chache baadaye, Jumanne, ukaingia ujumbe kwenye simu za mafundi wote, mistari mitatu tu: ruzuku imesitishwa kuanzia leo. Wateja waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kupotea mmoja mmoja. Jumapili iliyopita, nimetoka misa hata kitenge sijabadilisha, akanipigia.

"Fau," akasema, "Jumamosi nitamwambia mjomba aombe barua irudi."

"Irudi wapi?"

"Kwangu. Wewe una mtoto. Sitaki wewe na Pendo mje kuteseka kwa ajili yangu."

"Kwani mimi nimechumbiwa na ruzuku?"

Nikamkatia simu, nikalia nimeegemea debe la unga, kisha nikaanza kusubiri apige tena. Hakupiga. Nami nina kiburi changu, sikupiga.

Sasa baba mwenyewe ananiambia nipige! Nikapiga.

"Pampu imezimika," nikasema, sauti kavu kama ya mtangazaji. "Mzee anamwita fundi."

Nikasikia honi za Mwanjelwa nyuma yake, na mtu anauza vitumbua.

"Fundi peke yake?" akauliza.

"Fundi peke yake."

"Napanda basi sasa hivi."

* * *

Alifika saa saba na nusu mchana, ovaroli la bluu limejaa vumbi la barabara nzima ya Igawa mpaka Mafinga, sanduku la vifaa begani. Nilikuwa nimembeba Pendo mgongoni, amelala. Nilikuwa nimeapa kwamba sitamtazama. Nikamtazama. Alikuwa amekonda kidogo, na ndevu hazikunyolewa vizuri upande mmoja, na moyo wangu, ambao haukuapa chochote, ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Kamwene, baba," akasalimia kwa Kihehe alichojifunza kwangu, huku ameinama.

"Mzee Kasian," baba akamrekebisha. "Fundi huniita Mzee Kasian."

"Samahani. Kamwene, Mzee Kasian."

"Kamwene, fundi. Umekunywa maji?"

"Bado, mzee."

"Fundi apewe maji," baba akasema akitazama mlimani, kana kwamba anaagiza miti. Nikaleta kikombe kwa mikono miwili. Vidole vyetu viligusana chini ya kikombe, sekunde moja tu, na shangazi akakohoa kama mgonjwa wa kifua.

Tukashuka bondeni kwa mstari: baba mbele, kisha fundi, kisha shangazi, ambaye tangu goti lianze kumsumbua hakuwahi kukanyaga kinyungu, nami nyuma kabisa. Mbinu ilikuwa wazi. Kati yangu na fundi pakae shangazi.

Bondeni, Lusekelo akapiga magoti penye paneli mbili, akafungua sanduku, akatoa mita yake. Akapitisha mkono nyuma ya paneli ya kwanza, akifuata waya. Mkono ukakwama mahali. Akakaa hivyo. Kisha akainua macho polepole akamtazama baba.

Baba alikuwa anatazama ndege.

"Kazi ni ndefu, fundi?" baba akauliza.

"Inategemea, mzee," Lusekelo akajibu kwa uangalifu. "Inaweza kuwa ndefu kidogo."

"Basi usiharakishe."

Baba akageuza ndoo akaikalia. Akatoa kitambaa, akajifuta shingo. Nikamjua. Hivyo ndivyo anavyokaa anapotaka kununua ng'ombe.

"Wewe fundi, si unatoka Mbeya?"

"Ndiyo, mzee."

"Huko Mwanjelwa hujamwona kijana mmoja, mwenye duka la sola? Mrefu. Ana mwanya hapa." Akagusa meno yake ya mbele.

Lusekelo akafunga mdomo haraka. Nikaziba wangu kwa khanga.

"Nimewahi kumwona," akasema.

"Unamjua vizuri?"

"Siku nyingine namjua, mzee. Siku nyingine ananishangaza."

"Mm. Huyo kijana alileta barua hapa. Mimi sina ruhusa ya kuzungumza naye. Lakini fundi ni fundi, naweza kumuuliza habari za mjini. Au ni vibaya?"

"Si vibaya, mzee."

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo unavyochezwa.

"Siku ule ujumbe wa serikali ulipoingia, huyo kijana alikuwa wapi?"

"Makongolosi, mzee. Juu ya paa la mama mmoja mjane anayewauzia chai wachimba dhahabu. Alikuwa amebakiza kukaza nati nne."

"Akashuka?"

"Akazikaza kwanza."

"Baada ya kusoma ujumbe?"

"Baada ya kusoma."

"Na nusu ya serikali?"

"Haikuja."

"Kwa nini hakuzishusha paneli zake?"

Lusekelo akazungusha bisibisi mkononi, ingawa hapakuwa na kitu cha kukaza. "Angezishushaje, mzee? Taa zilishawaka. Yule mama alikuwa ameshaanza kuimba."

"Huo ni ujinga," baba akasema.

"Ndivyo yule kijana alivyojiambia njia nzima mpaka Mbeya."

Baba akageuza uso upande wa pili. Nikaona shavu lake linacheza.

Shangazi hakuvumilia tena. "Mimi nami nina swali kwa fundi!"

"Uliza, dada."

"Nasikia kwa Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hatakiwi kuonana na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja anakimbilia kwenye migomba! Sasa huyu binti yetu, aliyezaliwa kwenye nyumba yenye heshima, akaishi kwenye migomba kama nyani?"

"Hayo ni ya zamani, shangazi... samahani, mama. Kwa huyo kijana, anayekimbilia migombani ni baba yake, Mzee Anyelwisye. Akisikia sauti ya mke wake anamtafuta na jembe, hamumwoni mpaka jioni."

Shangazi akajibana, akajibana, mwisho kicheko kikamponyoka puani. Akakifuta haraka na upande wa kitenge. "Na ndizi? Atakula ndizi mpaka aote majani?"

"Kijana anapika ugali mwenyewe, mama. Mgumu, wa Kihehe. Alifundishwa."

"Na nani?"

"Kwa simu," Lusekelo akasema, na masikio yakaiva. Ni kweli. Nilimfundisha kwa simu, jioni tatu mfululizo, na ya kwanza aliunguza mwiko.

Baba akainua mkono. Kicheko kikakatika.

"Sasa anakula nini, fundi? Hilo ndilo ninalotaka kujua. Binti yangu hatoki hapa mmoja. Wanatoka wawili."

Lusekelo akaweka bisibisi chini. "Anatengeneza, mzee. Siku za ruzuku sote tulikimbilia kufunga. Hakuna aliyerudi kutazama alichofunga. Sasa huyo kijana amezunguka vijijini amekuta sola zimelala kila mahali. Huku panya wamekula waya, huku betri imekauka, huku paneli imefungwa inatazama choo cha jirani badala ya jua. Siku ya mnada yuko Igawa, ameweka meza, watu wanapanga foleni na taa zao mikononi. Sio kazi ya kujivunia..."

"Nani amesema?"

"Mzee?"

"Nani amesema sio ya kujivunia? Hizi nyanya unaziona? Zinajali kama pampu ni mpya au imetengenezwa?"

Lusekelo akazitazama nyanya.

"Basi niambie jingine," baba akaendelea, na sauti ikashuka. "Kama anatengeneza na watu wanapanga foleni, kwa nini nasikia anataka barua yake?"

Pendo akajigeuza mgongoni.

"Fundi, kuta za nyumba yangu ni nyembamba," baba akasema bila kunitazama. "Jumapili kuna mtu alilia karibu na debe la unga."

Lusekelo akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu afike akanitazama moja kwa moja, mbele ya baba na shangazi na nyanya zote. Macho yake yalikuwa yanaomba msamaha hata kabla ya mdomo.

"Anaogopa, mzee," akasema taratibu.

"Anaogopa nini?"

"Siku moja yule mtoto akae mezani anangoja sahani, na yeye hana cha kuweka. Aliwahi kuwa huyo mtoto. Anakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akitoka nje ili asimtazame. Hataki kutoka nje, mzee. Ndiyo maana aliona bora asiingie."

Upepo ulipita kwenye mahindi ya jirani. Shangazi alikuwa anatazama ardhi.

"Yule wa kwanza," baba akasema, "alikuja hapa na gari. Hakuogopa kitu. Nilimtazama kwa makini, nikatafuta hofu hata kidogo, sikuiona. Na siku ya kuondoka pia hakuogopa. Mtoto alikuwa na miezi miwili." Akakunja kitambaa chake mara mbili. "Mwambie huyo kijana nimesikia."

Nilishindwa kukaa kimya. Kama baba anaweza kumtumia fundi, mimi ni nani nisimtumie?

"Fundi!" nikaita.

"Faustina," shangazi akanionya.

"Nazungumza na fundi, shangazi, kuna ubaya? Fundi, ukirudi Mbeya mpelekee salamu yule kijana. Mwambie Faustina hakuomba nyumba ya vigae. Mwambie nina mikono, nimelima hiki kinyungu tangu Pendo yuko tumboni, na nimesoma hesabu za jioni pale parokiani mpaka nimepata cheti. Siku akikosa cha kuweka kwenye sahani nitaweka mimi. Siku nikikosa mimi ataweka yeye. Tukikosa wote wawili tutakaa tumwambie mtoto ukweli, wote tukiwa ndani, hakuna anayetoka nje. Mwambie hivyo. Na mwambie kama anadhani ananihurumia kwa kuniacha, huruma hiyo aipeleke sokoni akaone kama kuna mteja!"

Nikakaa chini kwenye tuta, pumzi juu juu. Lusekelo alikuwa amesimama. Mita ilikuwa imemponyoka kwenye nyasi. Akapiga hatua moja kwa baba.

"Mzee Kasian, yule kijana ni..."

"Fundi!" Baba akaruka kutoka kwenye ndoo kama ameumwa na siafu. "Hilo usilimalize! Ukilimaliza itabidi nikufukuze, na barua irudi, na mimi sitaki!"

Neno hilo la mwisho lilimponyoka. Nilimwona akitamani kulirudisha mdomoni. Shangazi akamtazama mdogo wake, mdomo wazi.

Lusekelo akarudi nyuma hatua ile moja. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama anayeapa.

"Nilitaka kusema, mzee, yule kijana harudishi barua. Jumamosi mshenga wake atakuja kusikiliza jibu, si kuomba karatasi."

"Una hakika gani?"

"Namjua."

"Ulisema siku nyingine anakushangaza."

"Leo namjua vizuri sana."

Baba akamtazama kuanzia buti mpaka nywele. Mwisho akanyoosha kidole nyuma ya paneli. "Washa pampu yangu."

Lusekelo akainama, akapitisha mkono mahali pale pale ulipokwama mwanzo. Tak! Sekunde mbili. Pampu ikaguna, bomba likakohoa, kisha maji yakaruka kwa nguvu ya siku tatu. Shangazi, aliyekuwa amesimama mbele kabisa ya mdomo wa bomba ili aone vizuri, akapata yote kifuani.

"Mamaaa!"

Baba akacheka. Sijui lini niliwahi kumsikia anacheka hivyo, ameshika magoti, kofia imeanguka. Shangazi akatukana kwa Kihehe, kisha naye akacheka, kitenge kimemganda, akatuchotea maji kwa viganja akaturushia sisi sote.

"Twende nyumbani ubadilishe," baba akamwambia. "Na tukifika, wachague majogoo wawili wafungiwe. Wa Jumamosi."

Shangazi akaacha kujikamua nguo. Kwetu mshenga anayekataliwa hupewa maji ya kunywa akasindikizwa barabarani. Anayechinjiwa ni yule anayerudi na jibu zuri.

"Wawili?" akauliza.

"Mzee Sedekia ni Mnyakyusa. Mmoja atamwona ni salamu." Baba akaokota kofia yake. "Fundi, nakuachia bustani. Maji yakifika mwisho wa mstari wa mwisho, zima. Mwonyeshe huyu binti namna ya kuzima. Mfundishe vizuri, usimfundishe haraka."

Wakapanda mlima, baba akimshika dada yake mkono kwa ajili ya goti.

Tukabaki.

Maji yalikuwa yanatambaa kwenye mfereji, tuta la kwanza, la pili, na majani ya nyanya yakianza kama kusikiliza.

"Ilikuwa imeharibika nini?" nikauliza mwishowe.

Lusekelo akanivuta nyuma ya paneli, akanionyesha viungio viwili vyeusi vya waya. "Hivi vina masikio mawili. Lazima uyabane yote kwa pamoja ndipo vinaachana. Haviachani kwa upepo wala kwa panya. Hapa Ifunda nilimfundisha mtu mmoja tu kuvitoa."

Nikatazama mlimani, kwenye mgongo wa baba unaopanda polepole. Mzee mzima! Siku tatu anakunja uso mbele ya nyanya zake zinazonyauka, anasikitika na sisi sote, kumbe kazima mwenyewe.

"Angezipoteza," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka pamoja na kicheko.

"Ndiyo, angezipoteza." Akanifuta shavu kwa upande wa kiganja usio na grisi. "Fau, nisamehe ya Jumapili."

"Bado nafikiria."

"Fikiria taratibu. Mstari wa mwisho bado mbali." Akasogea. Alinukia jua na waya mpya na safari. "Kuna kitu nimekiona leo nimekaa pale nahojiwa. Barua nilimwandikia baba yako. Mjomba alizungumza na baba yako. Jumamosi atajibu baba yako. Wewe sikukuuliza hata siku moja. Nilijua tu, nikaacha hivyo hivyo."

"Ulijuaje?"

"Ule ugali. Mtu hawezi kumfundisha mtu ugali jioni tatu kama hampendi."

"Hukukosea," nikasema. "Lakini niulize."

Akavua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani. Mwanya wake ulionekana, na sauti yake, ambayo haikutetemeka mbele ya baba, ilitetemeka mbele yangu.

"Faustina binti Kasian, mama Pendo. Duka langu lina meza moja na mita moja. Sijui mwakani litakuwa na nini. Utakuja tukae wote ndani?"

Maji yalifika miguuni kwetu, baridi, yakapita katikati ya vidole. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa na maneno mengi mazuri niliyoyatunza kwa siku kama hii, na yote yalinikimbia, likabaki moja.

"Ndiyo, Lusekelo!" nikasema, na kumbe nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani, kwa maana bonde zima lililirudia, na Pendo akaamka mgongoni.

"Tumesikia!" shangazi akapaza sauti kutoka juu ya mlima, kitenge chake kinachuruzika. "Sasa mzime hiyo pampu mje, ugali unapoa!"